Kura ya turufu: karata isiyokula

Majuzi nilikuwa kwenye kikao cha harusi, cha nne kama sikosei, na hoja ilikuwa ukumbi. Saba wanautaka ule wa karibu na kanisa, saba wanautaka wa kule juu wenye maegesho. Mama mzazi wa bwana harusi kakaa pembeni, kajifunga kitenge chake, hasemi kitu. Mwenyekiti, mtu ninayemheshimu na ambaye ahadi yake kwenye daftari la michango ni mara tatu ya yangu, akagonga meza kwa kalamu: "Basi natumia kura yangu ya turufu. Tunakwenda kule juu." Makofi. Nikameza soda yangu nikanyamaza, kikao cha harusi si mahali pa kusahihishana Kiswahili. Lakini wiki hiyohiyo mchambuzi mmoja redioni akasema rais wa nchi fulani "amepiga kura ya turufu" kwa sababu hajasaini muswada, na jioni yake kijana wa mtaani kwetu akanieleza kwa uhakika kabisa kwamba Marekani ina kura tano Umoja wa Mataifa, "ndiyo maana wanaziita za turufu". Hapo nikaona niandike.

Maana yenyewe haina maneno mengi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 15. Watano ni wa kudumu, yaani China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Kumi wanapokezana kwa miaka miwili miwili. Kila nchi ina kura moja tu, na Kenya ilipokaa pale 2021 na 2022 kura yake ilihesabiwa moja kama ya Marekani. Azimio hupita likipata kura tisa za ndiyo, ila mmoja wa wale watano akisema hapana, linaanguka hata kama wengine 14 wamelikubali. Hiyo hapana ndiyo kura ya turufu.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Turufu ni neno la wacheza karata, na wacheza karata wetu walilipata kwa Wareno, pamoja na hilo neno karata, na kopa, na uru, na shupaza. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, Waomani wakawatoa 1698, lakini michezo yao ikabaki barazani. Kwao turufu ni "trunfo", nalo limetokana na neno lao la ushindi. Kwa hiyo jina limebeba ushindi tangu kuzaliwa. Na mezani ndivyo inavyofanya kazi: turufu ikiwa uru, ka-mbili kangu ka uru kanakula ree yako ya kopa, nakusanya karata zote na mchezo unaendelea nikiwa mbele. Turufu inakula. Anayeitupa anaondoka na kitu mkononi.

Sasa neno lililotafsiriwa ni "veto", Kilatini cha Roma ya kale, na maana yake ni "nakataza". Watetezi wa makabwela kule Roma walikuwa na haki ya kusimama mbele ya mwenye mamlaka na kumzuia. Hakuna ushindi ndani ya neno hilo. Nakataza, basi. Ajabu zaidi ni kwamba neno veto halimo kabisa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 27 inasema kwa upole tu kwamba uamuzi unahitaji kura tisa zikiwemo "kura za kuafiki" za wajumbe wa kudumu. Upole wa maandishi, maana San Francisco 1945 nchi ndogo zilipolalamika, seneta Tom Connally wa Marekani aliichana nakala ya mkataba mbele yao, kuwaonyesha kitakachotokea wakikiondoa kifungu hicho.

Kwa hiyo tumechukua karata inayokula tukaipa kazi ya kuzuia. Siombi libadilishwe; limeshazoeleka, limo kwenye kamusi na kwenye taarifa za habari. Ninachoomba ni tusilivute likarudi mezani na maana yake ya zamani.

Mtanzania hana sababu ya kuichanganya hii, kwani tuliiona ikitutokea. Mwaka 1981 Kurt Waldheim wa Austria alitaka muhula wa tatu wa ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na aliyesimama kumpinga alikuwa Salim Ahmed Salim, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo. Marekani haikumtaka Salim. Haikusahau 1971, kiti cha China kilipotoka kwa serikali ya Taiwan kikaenda kwa ile ya Beijing, na Salim, balozi wetu New York, akaonyesha furaha yake waziwazi ukumbini. China nayo haikumtaka Waldheim. Wakapiga kura. Salim akikaribia, hapana ya Marekani. Waldheim akikaribia, hapana ya China. Duru ya pili vilevile, ya tano vilevile, mpaka zikafika 16. Hatimaye Desemba, zamu ya urais wa Baraza ikiwa ya Olara Otunnu wa Uganda, wote wawili wakakaa pembeni na kazi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru, ambaye hakuwemo kwenye mvutano ule.

Tazama mahesabu. Marekani ilitumia turufu, lakini haikumpata Waldheim. China ilitumia turufu, lakini haikumpata Salim. Kila mmoja alikuwa na uwezo kamili wa kumnyima mwenzake na hakuwa na hata chembe ya uwezo wa kujipatia. Ingekuwa karata, mmoja wao angeondoka na meza. Ndiyo maana kichwa cha habari kikisema nchi fulani "imeshinda kwa kura ya turufu", nasikia kama mtu anayesema kipa ameshinda mechi kwa kudaka. Kadaka, sawa. Bao liko wapi?

Kuna mfano mwingine ambao nikiwa na mwanafunzi mbele yangu huwa namwandikia ubaoni. Tarehe 25 Februari 2022, siku ya pili ya vita vya Ukraine, Baraza lilipigia kura rasimu ya kuilaani Urusi. Ndiyo 11, hapana moja, wasioegemea upande watatu. Ikaanguka, kwa sababu hiyo hapana moja ilikuwa ya Urusi, ambayo mwezi huo ndiyo iliyokuwa ikiongoza vikao pia. Siku mbili baadaye, tarehe 27, likaja azimio la kuitisha kikao cha dharura cha Baraza Kuu, lile la nchi zote wanachama. Ndiyo 11, hapana moja, watatu pembeni. Hapana ilikuwa ya Urusi tena. Likapita. Namba zilezile, mkono uleule uliopinga, matokeo mbalimbali. Hapa ndipo wengi huniuliza kama Urusi ilinyang'anywa turufu wikiendi ile. Haikunyang'anywa. La kwanza lilikuwa suala la msingi, la pili suala la utaratibu, na kwenye utaratibu kura tisa zozote zinatosha, hapana ya mkubwa inahesabiwa kama hapana ya mtu yeyote. Kwa maneno mengine, turufu haikai mfukoni mwa nchi kama kadi ya benki. Inazaliwa pale tu ambapo aina ya swali inairuhusu.

Na hata swali likiwa la msingi, si kila hapana ya mkubwa ni turufu. Desemba 30, 2014, rasimu ya Palestina ya kutaka ukaliaji wa Israel ukomeshwe ilipata ndiyo nane. Marekani na Australia zilikataa, tano hazikuegemea upande, zikiwemo Nigeria na Rwanda. Magazeti kadhaa ya kwetu yaliandika turufu ya Marekani. Lakini nane si tisa. Rasimu ilikufa yenyewe kwa kukosa kura, hapana ya Marekani haikuwa na kitu cha kuzuia.

Kutopiga kura ndilo fundo jingine. Ukiisoma ile ibara ya 27 kwa ukali, mkubwa asiyeafiki ameshaangusha azimio. Lakini tangu mwanzo Baraza limezoea kuhesabu kwamba anayejizuia hajakataa. Afrika Kusini ya makaburu ilijaribu kuling'ang'ania hilo katika shauri la Namibia, nchi iliyokuwa ikiikalia, ikidai azimio la Baraza la 1970 ni batili kwa kuwa Uingereza na Muungano wa Kisovieti hazikuafiki. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ikaikatalia Juni 1971. Kujizuia si kuzuia. (Kiswahili kimetupa hiyo bure, na bado watu wanakosea.)

Nimalizie vitu viwili vinavyoazimwa jina hili bila haki. Rais kutosaini muswada: kwetu, kwa ibara ya 97 ya Katiba, muswada ukirudi bungeni na kuungwa mkono na theluthi mbili, rais ana siku 21 za kusaini au kulivunja Bunge. Hata akikataa mara ya pili, lazima alivunje na wananchi waende kwenye uchaguzi. Hapana ya wajumbe watano haina mlango wa namna hiyo. Tangu 2022 Baraza Kuu hukutana ndani ya siku kumi za kazi kuijadili kila turufu inayopigwa, ila wanaijadili tu, hawaifuti. Na Arusha, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu husema "kila rais ana turufu" kwa vile wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano. Kufanana kupo, nakubali, mmoja akigoma jambo linakwama. Lakini huo ni mzigo walioubeba wote sawasawa. Turufu ni ya watano na inawanyima wengine 188. Ukitaka ndugu yake wa kweli mtafute kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, ambako maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura na Marekani peke yake ina zaidi ya 15. Huko neno halitamkwi, kazi inafanyika.

Kwa hiyo, mwenyekiti wangu, ile ya juzi ilikuwa kura ya uamuzi, ile anayopewa mwenye kiti kura zikilingana, na uliitumia vizuri. Ukumbi wa kule juu ni mzuri na magari yatapata pa kulala. Ungekuwa na ya turufu ungeweza kutuzuia tusiende karibu na kanisa, lakini usingeweza kutupeleka kule juu, na mpaka leo tungekuwa hatuna ukumbi. Aliyekuwa nayo pale ni mama wa bwana harusi, aliyesema kwenye kikao cha kwanza kwamba yule MC wa kwenye video haji, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jina lake.