Steroidi zilikatazwa kabla ya vipimo

Mashabiki wengi wa besiboli Marekani humtetea mpigaji nyota Mark McGwire kwa hoja moja: wakati wake steroidi, dawa za kujenga misuli, hazikuwa marufuku. Sivyo. Juni 1991 kamishna wa ligi kuu ya besiboli, Fay Vincent, alizipelekea timu zote waraka uliozitaja waziwazi kati ya dawa zilizokatazwa. Kilichokosekana ni vipimo. Chama cha wachezaji kilivipinga kwa muda mrefu. Vilianza 2003, adhabu zikafuata 2004. Nalisema hili kwa ajili ya wale waliocheza bila dawa na kusahaulika. Ni kweli, androstenedione, dawa ya kuongeza homoni ya kiume, iliyoonekana kabatini mwa McGwire 1998 iliuzwa madukani kihalali. Lakini Januari 2010 alikiri mwenyewe kutumia steroidi, hata msimu ule wa 1998 alipopiga hom-rani 70, yaani mapigo ambayo kwa kawaida huutoa mpira nje ya uwanja.