Je, wajua kwa nini VVU hurudi ukiacha dawa, hata kama kipimo hakikuviona?

Mrina asali wa Sikonge, mkoani Tabora, huweza kupiga kambi porini kwa wiki kadhaa. Tuseme kipimo chake cha mwisho pale CTC (kliniki ya VVU) kilisoma chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu, yaani havionekani. Akisahau ARV nyumbani, mara nyingi virusi huonekana tena ndani ya wiki mbili au tatu. Vilikuwa wapi?

Ndani ya kinga yenyewe. VVU huingia kwenye seli za CD4, ambazo ndizo huongoza askari wengine wa mwili, na kujipachika katikati ya vinasaba vyake. Baadhi ya CD4 ni seli za kumbukumbu, zinazolala miaka na miaka zikingoja adui wa zamani. Seli iliyolala haitengenezi virusi, kwa hiyo askari hawaitambui. ARV nazo huzuia virusi kuzaliana tu, haziui seli. Akiba hiyo ya seli zilizolala na virusi hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, ndiyo maana dawa ni za maisha.

Wengi hudhani kuwa bila dawa virusi "vinakula" CD4 moja moja. Si hivyo tu. CD4 nyingi hufa baada ya virusi kuingia vikashindwa kuzaliana: seli humgundua mgeni, hujipasua, na kumwaga kemikali zinazoita CD4 nyingine palepale. Utumbo, zinakokaa kwa wingi, huumia tangu wiki za mwanzo. Vipande vya bakteria hupenya kwenye damu na kinga haipumziki tena. Seli za CD8, wauaji wa seli zilizoambukizwa, huchoka. Kingamwili hutengenezwa, lakini virusi huwa vimeshabadilika.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 500 hadi 1,500 kwa mikrolita. Zikishuka chini ya 200, mara nyingi baada ya miaka 8 hadi 10 ya maambukizi bila dawa, nimonia ya fangasi hupata nafasi. Chini ya 100, homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi. Kifua kikuu hakingoji hesabu hizo.

Kabla ya safari, basi, aombe CTC dawa za kutosha siku zote za kambi na akiba kidogo. TLD, yaani ARV tatu pamoja (tenofovir, lamivudine na dolutegravir), ni kidonge kimoja kwa siku. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu hunasa dolutegravir tumboni isifyonzwe: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu huongezewa na kliniki dolutegravir miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, kwa sababu rifampisini hulifanya ini liiondoe haraka mno.