Sebule Inayotuliza: Mwanga Kwanza, Fanicha Baadaye

Wateja wengi wanaonijia wakitaka nyumba yenye utulivu huanza kwa kuniuliza wanunue sofa za rangi gani, nami huwaomba kwanza wanioneshe taa. Katika sebule nyingi ninazoitwa kupamba, Dar es Salaam na Mombasa, chumba kizima hutegemea taa moja au mbili nyeupe zilizofungwa darini, ambazo mwanga wake huangukia vigae vinavyong'aa na kuta za rangi ya mafuta, kisha ukarudi machoni. Hakuna sofa, hata ikiwa ya bei kubwa kiasi gani, itakayompumzisha mtu aliyeketi katika mng'ao wa namna hiyo.

Kwenye boksi la balbu huandikwa kipimo cha kelvini, yaani cha rangi ya mwanga wake. Balbu ya 6,500 hutoa weupe unaoelekea buluu, unaofaa mahali pa kuchambulia mchele, ilhali ya 2,700 hutoa mwanga wa manjano unaofaa kwa mazungumzo ya jioni. Kwa sebule na chumba cha kulala ninashauri 2,700 hadi 3,000, tena mwanga huo ugawanywe katika taa mbili tatu za chini, kama vile taa ya mezani kando ya kiti na taa ya kusimama pembeni. Kazi hii haihitaji kubomoa ukuta, kwa kuwa soketi zilizopo kwa kawaida zinatosha. Kutani ninapendelea rangi ya maji isiyong'aa, ingawa penye watoto wadogo ninakubali sehemu ya chini ya korido ipakwe rangi inayooshika.

Jambo la pili ni mwangwi, ambao watu huuchoka bila kuutambua. Simama katikati ya sebule upige kofi moja: sauti ikiendelea kulia baada ya mikono kutulia, chumba kimepungukiwa na vitambaa. Mapazia mazito yanayofika sakafuni na matakia husaidia sana. Kuhusu sakafu, kwa unyevu wa pwani yetu siafiki zulia nene linalofunika chumba chote, kwa maana hushika vumbi na ukungu. Mkeka wa ukindu, na juu yake zulia jepesi linaloweza kukunjwa na kuanikwa juani, hufaa zaidi.

Katika suala la nyumba kufanana na wenyewe, sijaona mwalimu bora kuliko nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18. Kwa kuwa dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, vyumba havikuweza kupanuka kupita urefu wa boriti, vikawa vyembamba na virefu. Mwanga uliingia kutoka kiwandani, yaani ua wa katikati, ukapungua taratibu kadiri mtu alivyopita misana, yaani vyumba virefu vilivyofuatana, kuelekea ndani. Huko ndani ndiko mafundi walikojenga zidaka, safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo familia iliweka vyombo vya kaure na vitu vyake vya thamani. Ninachokisisitiza ni kwamba ukuta mmoja ulibebeshwa nakshi na vitu, na kuta nyingi nyingine zikaachwa na weupe wa chokaa. Jicho lilikuwa na mahali pa kutazama na mahali pa kupumzika.

Katika fleti za leo ninamwagiza seremala atengeneze shubaka za mbao kwenye ukuta mmoja tu, zenye vipimo visivyolingana, kisha ninawaachia wenye nyumba wachague wenyewe vya kuweka. Sinia ya shaba ya bibi, chetezo cha udongo chenye masizi ya udi ukingoni, kanga ya harusi iliyokunjwa ili maneno yake yasomeke: hivyo ndivyo vinavyomtambulisha mwenye nyumba, na ninasikitika kila ninapovikuta vimefichwa uvunguni huku sebuleni pakiwa pamejazwa maua ya plastiki. Visizidi nafasi iliyopo; vikizidi, vibadilishwe kwa zamu, vingine vikitolewa wakati wa Idi au Krismasi.

Runinga isiwekwe kwenye ukuta huohuo, kwa sababu kioo chake cheusi huvuta macho hata kikiwa kimezimwa. Ninaipeleka ukuta wa pembeni, na viti ninavipanga vitazamane, visogee mbali kidogo na kuta, kwa umbali ambao mtu anaweza kumpokeza mwenzake kikombe cha kahawa bila kuinuka.