Je, wajua ni kwa nini Arusha hutajwa katika historia ya haki za wanawake duniani?

Jibu fupi ni kwamba tarehe 2 Septemba 1998, ndani ya jengo la AICC (Kituo cha Kimataifa cha Mikutano) jijini Arusha, mahakama ya kimataifa ilitamka kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Jibu refu lina mengi zaidi, kwa sababu shitaka hilo halikuwamo kabisa katika hati ya mashitaka wakati kesi ilipoanza.

Mshitakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda mwaka 1994 na ambaye alikamatwa Zambia mwaka 1995. Kesi yake ilipofunguliwa Januari 1997 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, waendesha mashitaka walimtuhumu kwa mauaji na mateso, lakini hawakugusa ubakaji. Kisha mwanamke mmoja, ambaye kwa usalama wake alitambulishwa kwa herufi J tu, alieleza katikati ya ushahidi wake kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Shahidi mwingine, H, alisema kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba aliona wanawake wengine wakibakwa karibu na ofisi ya meya.

Hapo ndipo umuhimu wa jopo la majaji ulipoonekana. Kati ya majaji watatu, mwanamke alikuwa mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na maswali yaliyotoka mezani kwa majaji yaliwapa mashahidi nafasi ya kueleza yale ambayo upande wa mashitaka haukuwa umeyauliza. Asasi za kutetea wanawake nazo ziliwasilisha hoja za maandishi zikitaka hati ibadilishwe, na Juni 1997 mashitaka ya ukatili wa kingono yakaongezwa. Kwa maoni yangu, sifa ya kwanza wanastahili J na H, kwa sababu bila wao hata jaji hodari asingekuwa na jambo la kuuliza.

Kisheria, kazi haikuwa nyepesi. Mkataba ulioanzisha mahakama ya Nuremberg mwaka 1945 haukuutaja ubakaji kwa jina, wala Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 haukuutaja. Mkataba huo wa pili, hata hivyo, unahesabu kuwa mauaji ya kimbari kitendo cha kuwasababishia watu wa kundi fulani madhara makubwa ya mwili au ya akili kwa nia ya kuliangamiza kundi hilo, na majaji wakaona kwamba yale waliyotendewa wanawake wa Kitutsi wa Taba yanaingia moja kwa moja katika maelezo hayo. Walitamka pia kwamba shuruti si lazima iwe ya nguvu za mwili: vitisho, au hali yenyewe ya kuzungukwa na Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, wenye silaha, vinaweza kutosha. Mwezi mmoja baadaye Akayesu alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mahakama hiyo ya Rwanda ilifungwa mwishoni mwa 2015, lakini Arusha haikubaki bila mahakama ya kimataifa, kwani ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mei 2018 Mahakama hii iliamua kwamba sheria ya familia ya Mali, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 16 huku mvulana akisubiri hadi 18, na iliyotoa nafasi kwa taratibu za mirathi zinazompunja mwanamke, inakiuka Itifaki ya Maputo ya 2003 kuhusu haki za wanawake. Ulikuwa uamuzi wake wa kwanza wa kubaini ukiukwaji wa Itifaki hiyo.

Msomaji wa Tanzania hawezi kuusoma uamuzi huo kama habari za mbali. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana, vifungu ambavyo Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Itifaki ya Maputo nayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007.

Hata hivyo, shauri la Mali lilifunguliwa na asasi za kiraia kwa sababu nchi hiyo ilikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na asasi kwenda mahakamani moja kwa moja. Tanzania ilikuwa na tamko kama hilo, ikaliondoa Novemba 2019, na tangu mwaka uliofuata mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Kwa hiyo, mwanamke wa Ngaramtoni, karibu na jiji la Arusha, mwenye shauri dhidi ya serikali hulazimika kumaliza kwanza ngazi za mahakama za nchini, kisha kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kulifikisha shauri mbele ya Mahakama iliyoko Arusha.