“Ni mita 2,454 tu”: dhana potofu kuhusu mzunguko wa Tre Cime

Wateja wangu wengi ni watu wetu walioko Ulaya: Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaoishi Milano, München, Brussels au London, wanaopanda hadi Cortina d'Ampezzo mwezi wa Julai na Agosti kukimbia joto la mjini. Karibu kila kundi lina mtu mmoja ambaye, nikitangaza kwamba kesho tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, ananijibu kwa sauti ya kunihurumia: “Kaka, haraka ya nini? Mlima wenyewe mita 2,454 tu. Mimi nimefika Uhuru.”

Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, napajua. Nilibeba mizigo kule kabla sijawa mwongozaji, na aliyefika namvulia kofia. Ila cheti cha Uhuru hakimpangii mtu saa ya kuanza kutembea Tre Cime. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye maegesho ya magari, mtu mmoja mmoja, huku mawingu yanajikusanya.

Kwa ambaye hajafika: Cortina ni mji wa michezo ya theluji kaskazini mwa Italia, mwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1956 na tena ya 2026 kwa kushirikiana na Milano. Kiangazi theluji ikishaondoka, watu huja kutembea. Mzunguko unaopendwa kuliko yote ni ule wa minara mitatu ya mawe ya Tre Cime di Lavaredo. Unaanzia Rifugio Auronzo (rifugio ni kibanda cha mapumziko cha mlimani), mita 2,320, mwisho wa barabara ya kulipia inayopanda kutoka Misurina. Unaenda mashariki hadi Rifugio Lavaredo, unavuka mgongo wa mlima kwenye Forcella Lavaredo, ambayo ndiyo hiyo mita 2,454, unafika Rifugio Locatelli upande wa kaskazini, kisha unarudi kwa magharibi kupitia malisho ya Langalm. Ni kilomita 10 hivi, saa nne bila kuharakisha. Minara yenyewe hatuipandi, tunaizunguka. Ule wa kati, Cima Grande, una mita 2,999 na ni kazi ya wenye kamba.

“Mita 2,454 ni kilima tu”

Ukitajiwa mita, uliza kwanza mlima uko wapi. Kibanda cha Mandara, kwenye njia ya Marangu, kipo mita 2,720. Ni juu kuliko sehemu yoyote ya mzunguko wetu, na pale bado umo msituni, mbega wanaruka kwenye matawi juu ya kichwa chako. Kilimanjaro iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Tre Cime iko zaidi ya nyuzi 46 kaskazini, na huku miti huishia kwenye mita 2,000 hadi 2,200. Gari linapokushusha Auronzo, miti umeshaiacha chini. Saa nne zote unatembea juu ya changarawe na majani mafupi, na pa kujificha ni kwenye vibanda tu.

Halafu kuna suala la wagumu, yaani wapagazi, ambalo waliofika Uhuru hulisahau upesi sana. Kule ulifika kambini hema limeshasimama na maji yamechemka, na mwongozaji ulikuwa naye kwa lazima, maana bila yeye hupiti getini. Huku getini linalipiwa gari tu. Koti uliloliacha kwenye buti la gari halitakufuata.

Na koti utalihitaji. Hewa hupoa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Cortina iko mita 1,224. Ukiacha nyuzi 25 mtaani, pale Forcella utakuta kama 17, hapo upepo haujavuma wala mvua ya mawe haijaanza. Theluji mwezi wa Agosti si muujiza.

“Kumekucha jua, basi siku nzima jua”

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu anafungua dirisha la hoteli, anaona anga halina hata doa, anaagiza kifungua kinywa cha pili. Asubuhi ya namna hiyo ndiyo inayonitia mimi haraka.

Jua la kiangazi likipiga tangu alfajiri, kuta za mawe na mabonde hupata moto. Hewa yenye unyevu hupanda, na kadiri inavyopanda inapoa, mvuke unageuka wingu. Saa nne utaona vijiwingu vyeupe juu ya vilele, vizuri kupigia picha. Saa sita vinafura kwenda juu kama maandazi kwenye mafuta. Kuanzia saa saba au saa nane chini ya wingu panakuwa peusi, na ngurumo ya kwanza inasikika. Haitokei kila siku, lakini katika Julai na Agosti hutokea mara nyingi kiasi kwamba mwenye akili hupanga safari yake kana kwamba itatokea. Wingu la aina hii halihitaji kusafiri kutoka mbali ulione likija. Linaumbika palepale ulipo, na huenda likawa nyuma ya mnara ambao wewe unauona kutoka upande mmoja tu.

Simu yako inakuonyesha jua? Inakuonyesha la mjini. Kituo cha ARPAV, shirika la mazingira la mkoa wa Veneto, kilichoko Arabba hutoa utabiri wa milima yenyewe ya Dolomiti, na huo ndio ninaousoma usiku kabla ya kulala. Ukiona umeandikwa radi mchana, maana yake uwe umeshashuka mchana, na wala haikulazimu kuahirisha safari.

Ratiba yangu ni hii, na sijawahi kuona sababu ya kuibadilisha. Saa moja asubuhi miguu iwe njiani. Saa mbili kasorobo tunavuka Forcella, kabla ya umati. Saa mbili na nusu tupo Locatelli, mnapiga picha zenu za minara upande wa kaskazini, mnapumzika. Saa tano na nusu tunarudi Auronzo, wakati wale wa kifungua kinywa cha pili ndio kwanza wanatafuta pa kuegesha gari. Siku hizi nafasi ya gari hulipiwa mapema mtandaoni, kwa hiyo hata kisingizio cha foleni getini hakipo tena.

Ikitokea umekutwa, hesabu. Ukiona umeme anza moja, mbili, tatu hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, umeshakuwa katika hatari na ulipaswa uwe ndani ya jengo. Ndani maana yake kuta na mlango, au gari lenye paa la bati. Kibaraza si ndani. Chini ya mwamba uliojitokeza si ndani pia, na hapo watu hukosea sana: umeme hushuka kwenye uso wa jiwe na kuruka mdomo wa pango ili ufike chini, nawe umejibanza katikati ya njia yake. Kama hakuna jengo, shukeni kutoka kwenye mgongo, achaneni mita kadhaa kila mtu na mwenzake, chuchumaeni miguu imebanwa pamoja. Msilale. Wengi wanaoumizwa na radi hawapigwi moja kwa moja, hupata umeme unaosambaa ardhini, na mtu aliyelala au aliyetanua miguu anaukaribisha upite mwilini. Kaeni mbali na nyaya za chuma zilizofungwa kwenye miamba. Baada ya ngurumo ya mwisho subirini dakika 30. Najua ni nyingi. Subirini.

“Vua koti jekundu, utatuletea radi”

Hii sikuitegemea kuikuta Italia, lakini imevuka bahari pamoja nasi. Ngurumo ikilia, lazima atokee mtu, mara nyingi mama mzima mwenye heshima zake, aanze kuamuru vijana wavue nguo nyekundu na kuficha vioo na simu. Wapo pia wanaonikumbusha habari za Sumbawanga na radi ya kutumwa. Shikamoo mama, lakini hapana. Radi haina macho ya kuchagua rangi. Inatafuta kilicho kirefu, kilichosimama peke yake, kilichochongoka. Mti mmoja uwandani, kilele, mtu aliyesimama wima kwenye mgongo wa mlima. Simu mfukoni haiiti radi. Wewe kusimama pale juu ukijipiga picha nayo ndiko kunakoiita.

Kuhusu nyekundu mimi naenda kinyume kabisa: nataka mvae nyekundu. Ukungu ukishuka upande wa Langalm, mtu mwenye koti la kijivu anapotea machoni katika hatua chache, kwa sababu mawe yote ni ya kijivu. Helikopta ya uokoaji ikija, rubani anatafuta rangi. Nyekundu, au rangi ya chungwa. Wateja wangu nawaambia hivyo tangu wanapolipa, na bado wanakuja na makoti meusi kwa sababu yanapendeza.

“Tukifika Locatelli tumemaliza”

Locatelli ni nusu tu, na nusu rahisi. Kutoka Auronzo hadi Rifugio Lavaredo ni barabara pana, hata mwenye kigari cha mtoto anapita. Baada ya Locatelli, njia namba 105 inashuka bondeni karibu mita 200, halafu inakudai uzipande tena kuelekea Langalm na kuvuka Forcella Col di Mezzo. Yaani sehemu ngumu inakuja umeshachoka, na kama ulichelewa kuanza, inakuja saa ya radi. Aliyezidiwa Locatelli arudi njia aliyoijia. Ni rahisi zaidi, na hakuna faini ya kutokamilisha duara.

Vibao vina majina mawili kwa sababu upande huo ni Alto Adige, ambako Kijerumani na Kiitaliano vyote ni lugha rasmi: Locatelli na Dreizinnenhütte ni nyumba moja. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka wa Austria na Italia ulipita hapahapa, na kuanzia 1915 hadi 1917 majeshi yalipigana kwenye miamba hii. Kibanda cha zamani kilichomwa na mizinga mwaka 1915. Sepp Innerkofler, mwongozaji aliyekuwa akikiendesha, aliuawa Julai mwaka huohuo kwenye mlima wa Paternkofel, ambao unauona ukiwa umekaa mezani. Nawaelezea wateja habari hizi pale kwa kuwa wanaona mahandaki ya vita na kuniuliza kama tunaweza kuingia “kidogo tu”. Bila kofia ngumu, taa, mkanda na kamba za kujifungia, hapana.

Yaliyobaki nitayapitia mbiombio.

Eti Alpi kuna vijito kila mahali, maji ya nini? Jiwe la Dolomiti hunywa maji. Mvua inazama kwenye nyufa na juu panabaki pakavu. Vidimbwi utakavyoviona vinanywewa na ng'ombe. Beba lita moja na nusu kila mtu.

Eti ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, ila huchelewa kuonyesha. Ina kinga zaidi kuliko nyeupe, lakini miale ya jua huongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji iliyobaki kwenye makorongo mwezi wa Juni huirudisha usoni kutoka chini. Macho hayana ngozi nyeusi. Vaa miwani na upake mafuta, hasa midomo na chini ya pua.

Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Kwa saa chache kwenye mita 2,400, mtu mwenye afya njema haihitaji kwa kawaida, na kitu utakachopata kwa hakika ni kwenda haja ndogo mara kwa mara mahali pasipo na kichaka. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amuulize daktari wake, asiniulize mimi njiani.

Eti helikopta ni bure. Ukiumia piga 112, hawatapoteza muda kukuuliza pesa wala bima, wanakuja. Lakini upande wa Veneto, mkoa iliko Cortina, aliyeita helikopta hajaumia, kachoka tu au kaogopa, anaweza kuletewa bili ya kumharibia mwaka. Nunua bima ya uokoaji kabla ya kuja. Pia ujue ishara ya filimbi: mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Na ng'ombe wa Langalm. Kila mfugaji kwenye kundi, Mmasai au Mchaga, ananiambia amekua na ng'ombe. Wale wa nyumbani wanakujua. Hawa hawakujui, na wana ndama. Watembeaji hujeruhiwa katika Alpi kwa kupita kati ya mama na mtoto, hasa wakiwa na mbwa. Usimpige picha ya karibu, usimpapase ndama. Pita kwa juu yao, umbali wa kutosha, hata kama ni kwenye matope.