Kunyoa Ndevu kwa Wembe na Maji Shingoni, Chini ya Taya na Kuzunguka Mdomo: Maswali na Majibu

Wanaume wengi wanaofika kliniki ya ngozi kwa sababu ya kunyoa hawalalamikii mashavu. Wanainua kidevu, wanapitisha vidole chini ya taya na kuonyesha vipele vilivyojipanga tangu sikio moja hadi la pili, vingine vyekundu, vingine vimeshakuwa madoa meusi. Majibu yafuatayo yanawahusu zaidi wenye ndevu za kipilipili, yaani wengi wetu, na yote yanaegemea jambo moja ninalolisisitiza kila ninapoulizwa: katika sehemu hizi, anayetaka ngozi iteleze kama kioo ndiye anayeumia.

Kwa nini mashavu yangu hayana shida lakini shingo inawasha na kutoa vipele?

Shavu ni sehemu pana, ngozi yake imetulia, na nywele zake kwa kawaida hulala kuelekea chini, hivyo wembe unaposhuka unafuata njia ya nywele hata kama mnyoaji hakuwaza lolote. Chini ya taya mambo hubadilika. Ngozi ya hapo ni laini zaidi, hukunjika, hucheza juu ya kikoromeo kila unapomeza mate, na nywele zake hazina mwelekeo mmoja: za chini kabisa ya shingo mara nyingi hupanda juu, za pembeni huelekea sikioni au nyuma, na kwa baadhi ya watu huwapo sehemu ambapo nywele huzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Ukishusha wembe kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye taya hadi kolani, unazikata baadhi kwa kufuata mwelekeo wake, baadhi kwa kinyume, na baadhi kwa ubavu.

Kisha lipo suala la umbo la unywele wenyewe. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye kijishimo kilichopinda, na ukikatwa kwa mshazari hubaki na ncha kali kama ya mkuki. Unapoanza kukua hujikunja, hurudi chini na kutoboa ngozi karibu na mahali ulipotokea. Ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, jambo linalotokea ukikaza ngozi sana au ukinyoa kinyume, hutoboa ukuta wa kijishimo chake hata kabla haujachungulia nje. Mwili huuchukulia unywele huo kama mwiba: sehemu hiyo huvimba, huwasha, na pengine hutunga usaha. Ndiyo maana vipele vya ndevu si chunusi za kawaida, na dawa ya chunusi peke yake haivimalizi maadamu wembe unaendelea kutengeneza miiba mipya.

Nitajuaje nywele zangu zinalala upande gani?

Acha kunyoa kwa siku mbili au tatu, kisha simama mbele ya kioo mahali penye mwanga wa mchana ukiwa na kipande kikavu cha pamba. Kipitishe taratibu shingoni kwa kukigusisha tu. Kikipita bila kushikwa, unafuata mwelekeo wa nywele. Kikikwama na kuacha nyuzi nyeupe zilizoning'inia kwenye ndevu, umekwenda kinyume. Pitisha upande wa kulia, kushoto, chini ya kidevu, juu ya kikoromeo na chini yake, kwa sababu pande mbili za shingo ya mtu mmoja zinaweza kutofautiana. Chora uso kwenye karatasi, weka mishale, na ubandike karatasi hiyo kando ya kioo kwa majuma mawili ya mwanzo. Nimewaona watu walionyoa miaka mingi wakishangaa kugundua kwamba upande wao wa kushoto walikuwa wakiunyoa kinyume siku zote, na ndio upande uliokuwa na makovu.

Je, ni lazima kutumia maji ya moto?

Maji ya uvuguvugu yanatosha, na ya moto sana huichokoza ngozi kabla hata wembe haujaigusa. Kinachohitajika hasa ni muda. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa hufyonza maji, huvimba na kulainika, na kwa ndevu kazi hiyo huchukua dakika mbili hadi tatu. Wakati mzuri ni mara baada ya kuoga. Asiyeoga wakati huo aoshe uso kwa sabuni isiyo kali ili kuondoa mafuta na vumbi, kisha aweke taulo safi iliyochovywa katika maji ya uvuguvugu juu ya taya na shingo.

Baada ya hapo paka krimu ya kunyolea, au povu zito la sabuni ya kunyolea, kwa brashi au vidole, ukizungusha ili nywele zilizolala zisimame, na uliache kwa dakika moja hivi. Sabuni ya mche ya kufulia isitumike. Povu lake hukauka upesi, nayo huondoa mafuta ya asili ya ngozi ambayo hapo shingoni unayahitaji kuliko mahali pengine popote.

Nishikeje wembe chini ya taya, kwenye kikoromeo na juu ya mdomo?

Kwa mashine ya mkono inayotumia wembe wa pande mbili, weka mpini ili makali yakutane na ngozi kwa pembe ya takribani digrii 30, na uache uzito wa mashine ufanye kazi. Mkono wako uongoze tu, usikandamize. Nyoa kwa hatua fupi za sentimita mbili hivi, suuza wembe, endelea. Mkono mwingine utulize ngozi, lakini hapa pana tofauti ambayo wengi hawaioni: kunyoosha mikunjo ni jambo moja, na kuiwamba ngozi kama ngoma ni jambo jingine. Ukiiwamba, unywele huvutwa nje, hukatwa, kisha ngozi ikiachiwa ncha huzama ndani, na hapo umeshapanda kipele cha kesho.

Chini ya taya, inua kidevu kidogo na uisogeze ngozi juu kwa vidole viwili mpaka ile sehemu ya bondeni ikae juu ya mfupa. Ni rahisi zaidi kunyoa juu ya mfupa kuliko ndani ya bonde. Kwenye kikoromeo, usijaribu kupanda na kushuka mlima. Isogeze ngozi pembeni, upande wa kulia kwanza, ili sehemu iliyokuwa juu ya kikoromeo ihamie mahali tambarare, nyoa hapo, iachie, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa kushoto. Usimeze mate wembe ukiwa kooni.

Sharubu na kidevu viache mwisho, kwa kuwa nywele zake ndizo nene kuliko zote na zinafaidika kwa kukaa muda mrefu ndani ya povu. Ili kunyoa mdomo wa juu, uvute ushuke uyafunike meno, na kwa sehemu iliyo chini kabisa ya pua sukuma ncha ya pua juu kidogo kwa kidole. Hatua ziwe fupi sana na zielekee chini. Kwenye pembe za mdomo fungua kinywa kidogo, au sukuma kwa ulimi kutokea ndani, mpaka mkunjo upotee. Kile kibonde kilicho chini ya mdomo wa chini hunyooka ukiukunja mdomo huo uyafunike meno ya chini, nacho kinyolewe kwa ncha ya wembe, si kwa upana wake wote.

Pita mara moja. Ukiona umeacha mahali, paka povu upya ndipo urudie, bado kwa kufuata mwelekeo wa nywele. Shingoni usinyoe kinyume kabisa, hata kama una harusi kesho.

Je, wembe wenye makali matano si bora kuliko wa kali moja?

Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka huenda usimletee shida. Kwa mwenye ndevu za kipilipili, sifa yake ndiyo kasoro yake: kali la kwanza huuvuta unywele, linalofuata huukata ukiwa umevutwa, na kinachobaki huzama chini ya ngozi. Tumia wembe unaokata kwa kali moja kwa wakati, kama ule wa pande mbili niliokwisha kuutaja, nao ubadilishwe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, au mapema zaidi ukiona umeanza kuvuta badala ya kukata. Uhifadhi pakavu, si kwenye kisahani cha sabuni bafuni.

Nafanya kazi ya ulinzi na ninatakiwa kuwa sina ndevu kila siku. Nifanye nini?

Swali hili hunigusa, kwa sababu anayeuliza huwa hana uhuru wa kufuata ushauri rahisi kuliko yote, yaani kuacha ndevu ziote. Vipele vikiwa vimeshika, dawa yenye nguvu kuliko zote ni mapumziko ya majuma matatu hadi manne bila wembe. Juma la kwanza hali inaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi, kwa vile nywele fupi ndizo zinazotoboa. Zikifikia urefu wa karibu sentimita moja huanza kujichomoa zenyewe kwa nguvu ya kujikunjua.

Ikiwa mwajiri hakubali hilo, tumia mashine ya umeme ya kupunguzia inayoacha nywele za urefu wa milimita moja hivi. Kwa macho ya mtu aliye mbele yako uso unaonekana nadhifu, na nywele za urefu huo hazijazama ndani ya ngozi. Vilevile omba barua ya daktari. Hili si jambo la kuonea haya, wala si kisingizio cha uvivu: majeshi ya Marekani, ambayo sheria zake kuhusu ndevu ni kali, kwa miongo mingi yalikuwa yakitoa vibali vya daktari kwa askari wenye tatizo hili hili, ingawa mwaka 2025 masharti ya vibali hivyo yalikazwa.

Nikijikata, nipake spiriti?

Spiriti huunguza na kuikausha ngozi iliyokwishachubuka. Suuza kwa maji baridi, gandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika chache, na kama damu haikomi lowesha kipande cha shabu ukipitishe juu ya mkato. Wazee wa pwani wameitumia shabu tangu zamani na hawakukosea, kwani hukaza ngozi na kuzuia damu ndogo ndogo. Sharti kipande kiwe chako peke yako. Baada ya kukausha uso kwa kugusagusa, si kwa kusugua, paka mafuta au losheni isiyo na manukato. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ajihadhari zaidi, na pengine mashine ya umeme itamfaa kuliko wembe.

Ninanyolewa na kinyozi. Nizingatie nini?

Wembe mpya ufunguliwe ukiona kwa macho yako, au ubebe wako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale damu isipoonekana, na kuufuta wembe kwa kitambaa chenye spiriti hakutoshi. Kinyozi mwema hatachukia kuombwa. Mwombe pia asikunyoe shingo kinyume. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, ili mteja aondoke akiwa ameridhika na ulaini ambao utamtesa siku tatu baadaye.

Vipele vimeshatoka. Je, niviminye, au nipake krimu ya kuondoa madoa?

Usiviminye, hasa vilivyo kati ya pua na mdomo, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo inaungana na ile ya ndani ya kichwa, na maambukizi, ingawa ni nadra, yanaweza kufika huko. Ukiuona unywele umejipinda kama kitanzi juu ya ngozi, ncha yake inaweza kuinuliwa taratibu kwa sindano iliyotakaswa, lakini usiung'oe, maana utakaoota badala yake utaanzia ndani zaidi.

Krimu za kujichubua zenye zebaki au hidrokwinoni, na zile zenye steroidi kali zinazouzwa kiholela madukani, zinaidhuru ngozi kuliko madoa yenyewe. Madoa hufifia taratibu kwa miezi kadhaa pindi nywele zinapoacha kutoboa.

Nenda hospitali ukiona usaha unaoenea, homa, uvimbe mgumu unaokua kuwa kovu nene, au vipele vigumu kisogoni mahali mashine ya kinyozi inapopita, na usisubiri kabisa kama una kisukari. Kaskazini mwa Tanzania kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kinachowafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwingineko anzia hospitali ya wilaya na uombe rufaa. Utakapokwenda, usijipendezeshe kwanza kwa kunyoa. Fika na ndevu za siku tatu au nne, na ule wembe unaoutumia uwe umeufunga vizuri kwenye karatasi, ili anayekuhudumia aone nywele zinavyolala na kitu kinachozikata.