Mji Ambao Torati Haiutaji kwa Jina

Mtu akitafuta neno "Yerusalemu" katika vitabu vitano vya Torati, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, atatoka mikono mitupu. Jina hilo linaonekana kwanza katika Yoshua 10, tena likiwa la mji wa mfalme adui. Hata hivyo Wayahudi wanaposoma Torati hukutana na mji huo kila mwaka, hasa katika fungu liitwalo Re'eh (Kumbukumbu 11:26 hadi 16:17), linalosomwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba.

Torati imegawanywa mafungu 54, na kila fungu huitwa parasha. Kwa kuwa sikukuu ikiangukia Sabato huwa na somo lake, Sabato zinazobaki mara nyingi hazitoshi, basi baadhi ya mafungu huunganishwa mawili mawili. Anayetegemea ratiba ya mwaka uliopita hupotea kwa urahisi. Hupotea pia asiyejua kwamba Israeli na nchi za nje huweza kupishana kwa fungu moja kwa wiki kadhaa, kwa sababu nje ya Israeli sikukuu kama Pasaka huongezwa siku moja.

Asubuhi ya Sabato huitwa watu saba, kila mmoja kwa sehemu yake, kisha mtu mwingine husoma haftara, yaani somo la Manabii. Gombo la Torati halina irabu wala alama za kituo, kwa hiyo msomaji hulazimika kuwa amehifadhi matamshi na mahadhi yake. Akikosea kwa namna inayogeuza maana, husahihishwa palepale na kurudia neno. Ikigunduliwa herufi iliyofutika, gombo hufungwa na kutolewa jingine.

Turudi kwenye Re'eh. Usemi "mahali atakapopachagua Bwana" upo mara 21 katika Kumbukumbu la Torati, na 16 kati ya hizo zimo katika parasha hii. Hapo ndipo pa kupeleka sadaka na pa kukusanyikia mara tatu kwa mwaka: Pasaka, Shavuoti (Sikukuu ya Majuma) na Sukoti (Sikukuu ya Vibanda). Jina tu ndilo halitajwi. Kwa nini? Maimonides, mwanachuoni wa karne ya 12, alitoa sababu tatu: mataifa yangejua umuhimu wa mahali hapo yakapigana kupashika, walioko huko wangepaharibu makusudi, na kila kabila la Israeli lingedai pawe katika urithi wake. Hii ya tatu aliiona ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayoeleza kwa nini Hekalu lilisubiri hadi awepo mfalme wa kuzuia ugomvi huo.

Kumbukumbu 12:5 inaagiza mahali hapo patafutwe, na wahenga wa Kiyahudi wakaishika amri hiyo kwa maneno yake: tafuta kwanza, kisha nabii atakuthibitishia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Daudi. Nabii Gadi alimtuma kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi, pale ambapo Sulemani alijenga baadaye. Samweli wa Pili inasema alilipa shekeli 50 za fedha, Mambo ya Nyakati inasema 600 za dhahabu. Wahenga wakapatanisha: 50 kwa kila kabila, makabila 12. Kwa hesabu hiyo, hakuna kabila lililoweza kusema kiwanja ni chake peke yake.

Mji huo uliingia hata katika mfuko wa mkulima. Katika mwaka wa 1, 2, 4 na 5 wa kila mzunguko wa miaka saba, zaka ya pili, yaani sehemu ya kumi ya mazao ambayo mwenyewe aliila, ililiwa Yerusalemu. Aliyeishi mbali aliibadili kuwa fedha, akaongeza sehemu ya tano ikiwa anakomboa mazao yake mwenyewe, kisha akanunua huko ng'ombe, kondoo, divai au chakula kingine. Maji na chumvi havikuruhusiwa kununuliwa kwa fedha hiyo. Mtu hamalizi zaka nzima kwa mlo mmoja, kwa hiyo ilimbidi akae mjini siku kadhaa, na wafasiri waliona kwamba huko kukaa, karibu na makuhani na walimu, ndiko hasa kulikokusudiwa.

Haftara ya Re'eh, Isaya 54:11 na kuendelea, ni ya tatu kati ya saba za faraja zinazofuata mfungo wa Tisha B'Av, siku ya kuomboleza kuharibiwa kwa Hekalu. Humo nabii anausemesha mji kama mwanamke aliyeteswa na kukosa mfariji, bado bila kuutaja jina.

Kosa moja la kawaida ni kudhani Myahudi husali akielekea mashariki. Hayo ni mazoea ya Ulaya, ambako Yerusalemu iko upande huo. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga, inasema aliye nje aelekee Nchi ya Israeli, aliye ndani yake aelekee Yerusalemu, na aliye Yerusalemu aelekee mahali pa Hekalu. Kwa Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, maana yake ni karibu kaskazini moja kwa moja.